Jumatano Jioni ni ya Bwana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewasilisha muswada wangu kwa mara ya nne. Ibara tatu tu. Unakataza shule yoyote ya jimbo hili kuchezesha mchezo wowote siku ya Jumatano baada ya saa kumi na moja jioni. Hauombi fedha. Haumdhuru mtu, ila Ibilisi na Kocha Dwayne Petree.

Naandika haya ili wajukuu wajue. Hapa Kerrick, nilipozaliwa na nilipozeekea, Jumatano jioni ilikuwa ya kanisa. Shule ilijua. Duka la mbegu lilijua. Wenye ng'ombe wa maziwa walikamua mapema, wakaja na nywele bado zimelowa. Kisha zikaja hizi ligi za besiboli ya wasichana, na Kocha Petree, ambaye ni shemasi mwenzangu, akakubali kucheza Jumatano bila kuona haya.

Darasa langu la Maandiko la Jumatano lilikuwa likijaa hadi watu wakisimama ukutani. Sasa wamebaki sita. Mmoja ni mke wangu Verna. Mwingine ni Ndugu Hoyt, ambaye huja kulala.

Nimeweka nadhiri: darasa lile litajaa tena kabla sijaingia kaburini. Kwa kuwa halikujaa kwa maombi, litajaa kwa sheria.

Verna aliniuliza wakati wa chakula kama nimewahi kuwaalika tu. Nilimwambia kwamba sheria ni mwaliko wenye meno. Akasema basi nisishangae watu wakikimbia.

Jumatano, 5 Machi

Darasa. Somo letu mwaka huu ni unyenyekevu. Nililifundisha kwa ukali unaolistahili.

Watu watano. Verna alikuwa na mafua. Kupitia dirisha la mashariki tuliona taa za uwanja wa shule, na kila msichana alipogonga mpira, makelele yaliingia mpaka kwenye sala. Ndugu Hoyt aliamka mara mbili. Mara ya pili aliuliza nani anaongoza. Nilimwambia ni Bwana anayeongoza. Akasema anajua hilo, anauliza mabao.

Haivumiliki. Baada ya darasa nilimwandikia mkaguzi wa umeme wa kaunti, kama raia na kama mbunge, nikimwomba azikague taa zile za uwanja kwa haraka. Zimechakaa. Taa zilizochakaa hufungwa. Uwanja usio na taa hauchezewi jioni. Hakuna uongo hata mmoja katika hayo. Nililala usingizi wa mwenye haki.

Alhamisi, 6 Machi

Bungeni. Muswada wangu uko katika kamati ya elimu, chini ya mwenyekiti Bi. Corinne Vasek. Ni mama wa chama chetu, ila wa mjini, mwenye viatu vya kelele. Kwa misimu mitatu ameukalia muswada wangu kama kuku akaliaye yai la jiwe.

Safari hii nilimwendea kwa hekima. Yeye ana muswada wa kumfanya kambare kuwa samaki rasmi wa jimbo. Mimi nimesimama mara mbili mbele ya Bunge zima na kusema kwamba jimbo linalomtungia samaki sheria limekwisha kupotea njia. Mwamba ngozi huvutia kwake. Alisema wazi kwamba kura yangu kwa kambare ingeufungulia mlango muswada wangu.

Nilimpigia kura kambare.

Jirani yangu wa kiti aliniinamia na kunong'ona, Mheshimiwa Stubblefield, umeokoka lini? Watakatifu walivumilia makubwa kuliko kambare.

Bi. Vasek alitimiza ahadi. Kamati itausikiliza muswada wangu Jumatano ijayo, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nilimwambia kwamba Jumatano jioni ndiyo hasa jambo lenyewe. Akafungua kalenda yake, akaifunga. Alisema, "Mheshimiwa, nina jioni hiyo, au nina mwaka ujao. Chukua mojawapo, maana nina njaa."

Nilichukua jioni hiyo. Mtu haachi ghala liungue kwa sababu moto umewaka siku ya ibada.

Ijumaa, 7 Machi

Pigo. Mkaguzi alizikagua taa jana kwa bidii ambayo kaunti haijaonyesha tangu mafuriko. Akakuta ni kweli zimechakaa. Leo wameweka mpya. Wanasema zinaonekana hadi kwenye barabara kuu.

Nilimkuta Kocha Petree katika duka la chakula cha mifugo, penye birika la kahawa, amezungukwa na wazee wasio na kazi. Alivua kofia aliponiona.

"Mheshimiwa," alisema, "wasichana wamenituma nikushukuru. Tulikuwa tunaomba taa hizo mwaka wa sita huu, hatusikilizwi. Wewe umeandika barua moja tu."

Wazee walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Mwingine alisema sasa Ndugu Lowell, yaani mimi, akijaliwa awaandikie na barua ya vyoo.

Nilimwambia Petree, kwa utulivu, kwamba furaha ya wadhalimu ni ya muda mfupi. Akasema Amina, akanilipia kahawa. Sikuinywa. Niliipeleka nje na kuimwaga penye nyasi, ili wote waone.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya wimbo wa pili nilisimama na kuutangazia ushirika kwamba Jumatano hii hakutakuwa na chakula cha pamoja, wala sala, wala darasa. Kanisa zima litasafiri hadi makao makuu ya jimbo kuutetea muswada. Basi la kanisa litaondoka saa tisa alasiri. Kila mtu avae kwa heshima. Asiyekuja ajichunguze.

Mikono mingi iliinuka kuliko niliyotarajia. Naamini ni Roho. Verna anaamini ni kwa sababu nilitaja kwamba tutasimama kula kwenye ile nyumba ya nyama choma iliyoko njiani.

Mchungaji wetu, Ndugu Merle Hutto, ni mtu mpole, na upole wake umeliponza kanisa mara nyingi. Alinivuta kando penye makoti. "Ndugu Lowell," alisema, "nisaidie kuelewa. Tunalifunga kanisa Jumatano ili tupate sheria ya kulifungua Jumatano?"

Nilimwambia kwamba askari huliacha boma lake usiku mmoja ili alilinde miaka mia. Alikuna shavu. Alisema angependelea kuzungumza na Dwayne kwanza, kwa kipande cha pai, kama ndugu kwa ndugu. Nilimkataza. Mtu hajadiliani na mafuriko.

Akauliza nani ataliendesha basi. Ni yeye peke yake mwenye leseni ya basi. Akainamisha kichwa, na nikachukua hilo kuwa ndiyo.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya mashahidi katika ukumbi wa kanisa. Ndugu Hoyt atasimulia alivyookoka Jumatano moja wakati wa ukame. Dada Opal Crenshaw atalia. Aliuliza alie penye neno gani. Nilimwonyesha. Akaomba aruhusiwe kulia mapema kidogo, kwa kuwa machozi yake huchelewa.

Mimi nitasema wa mwisho. Hotuba yangu ina sentensi ambayo nimeinoa tangu mwezi wa Januari: katika jioni kama hii, waheshimiwa, watu wa Mungu wamo katika nyumba ya Mungu. Niliisema mbele ya kioo. Kioo kilitetemeka, au ni lori lililopita.

Verna anasema yeye haji. Nilidhani ni mafua. Alisema mafua yamekwisha. Alisema kesho ni Jumatano, na Jumatano yeye huenda kanisani.

Nilimweleza kwamba kanisa litakuwa limefungwa. Alisema anajua ufunguo uliko, mji mzima unajua, uko chini ya chungu cha maua. Nilimweleza kwamba mke wa mbunge kutoonekana kutazua maneno. Aliendelea kukatakata maharagwe mabichi kwenye bakuli la kuokea. Alipomaliza alisema, "Lowell, mimi nimeolewa nawe, sikuchaguliwa bungeni pamoja nawe." Nikaenda kulala.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haya katika basi, gizani, kwa tochi. Nitayaandika kama yalivyotukia, kwa kuwa historia itahitaji.

Tuliingia chumba cha kamati tukakijaza. Kila kiti, kila kona, na wengine korido. Bado tulinukia nyama choma, lakini tulikuwa jeshi. Hata Bi. Vasek alipandisha miwani kichwani na kusema hajaona umati huu tangu muswada wa bangi.

Ndugu Hoyt alisema vizuri, ingawa aliuita muswada "ule wa kambare." Dada Opal alianza kulia jina lake lilipoitwa na hakuweza kutoa ushahidi.

Kisha mimi. Nilisimama. Niliweka mkono mmoja juu ya meza. Nilisema, "Katika jioni kama hii, waheshimiwa, watu wa Mungu wamo katika nyumba ya Mungu."

Niliwatazama mmoja mmoja. Nilitaka iwaingie.

Bi. Vasek akainama kwenye kipaza sauti chake. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. "Mheshimiwa, hawa uliokuja nao ni akina nani?"

Nilimjibu kwamba ni ushirika wangu wa Kerrick.

"Wote?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba ni karibu wote.

"Na leo ni siku gani?"

Nilimwambia kwamba anaijua siku.

"Basi usiku huu, kanisani kwako, yuko nani?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeshika Maandiko. Nilisema, "Mke wangu."

Sijawahi kusikia kamati ikicheka hivyo. Mjumbe mmoja alilala juu ya makaratasi yake. Ndugu Merle, aliyekuwa mlangoni ameshika kofia, alitazama sakafu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nataka kuamini alikuwa akisali.

Niliwaambia kwamba ushirika wangu uko kanisani kwa roho, na mwili ni mavazi tu. Mjumbe yule aliyelala alisema bila kuinuka, "Basi wasichana wa besiboli nao waje kwa roho, wacheze kwa mavazi."

Muswada umeuawa. Walionipinga saba, waliokuwa nami wawili, na mmoja wa hao wawili alikiri baadaye kwamba alibonyeza kitufe kisicho chake.

Sikuinamisha kichwa. Nilitoka nimenyooka, nikiwa nimeutangulia ushirika wangu, hadi kwenye mlango ambao haukuwa wa kutokea. Tulisimama katika stoo ya viti kwa muda. Kisha tulirudi kupita mbele ya kamati ile ile.

Ndani ya basi wanaimba. Hawana huzuni hata kidogo. Dada Opal amenyamaza kulia na anawahesabia wenzake nani alikula mbavu nyingi zaidi. Ni mimi peke yangu ninayebeba msalaba huu, kiti cha nyuma, karibu na boksi la barafu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata habari za jana kutoka kwa Verna, na zimenizidia.

Alifika kanisani na bakuli lake la maharagwe akakuta ufunguo haupo chini ya chungu. Ndani taa zinawaka. Jikoni yumo Kocha Petree, amefunga aproni ya shirika la akina mama, anakoroga sufuria la nyama na pilipili. Timu nzima ya wasichana imekaa ukumbini na soksi za matope. Viatu wamevipanga mlangoni.

Ikabainika kwamba Ndugu Merle alinikaidi. Jumatatu alimwalika Petree kwa pai ya njugu za pekani, kama ndugu kwa ndugu. Hakumwomba neno zito. Alimwambia tu kwamba Ndugu Lowell ana huzuni siku za Jumatano, na kwamba anadhani angefurahi kuona watu.

Petree alitafuna, akawaza, akapiga simu mbili. Mechi zote za Jumatano msimu huu zimehamia Jumanne. Ndivyo tu. Simu mbili. Mimi nimeandika ibara tatu mara nne.

Alikuja nao wote jana ili anishangaze; Jumapili hakuwepo kanisani, na Ndugu Merle alisahau kumtajia safari yetu. Walinisubiri. Niliposhindwa kutokea walikula, wakaosha vyombo, wakamwomba Verna awasomee. Alisoma alipoona alama yangu, pale penye unyenyekevu. Anasema msichana mmoja aliuliza swali gumu sana, nao wakalizungumza hadi nyama iliyobaki sufuriani ikapoa.

Nilimuuliza swali lilikuwa gani. Verna alisema nilipaswa kuwepo.

Ningeweza kufurahi. Nimelitafakari jambo hilo kwa uaminifu kwa muda wa kunyoa ndevu. Lakini nitafanyia nini Jumatano iliyopatikana kwa pai? Alichokitoa Petree kwa hiari, Petree ataweza kukichukua kwa hiari. Neema isiyo na adhabu nyuma yake ni upepo. Nimemwandikia barua ya kukataa kusogezwa kwa mechi zake hadi atakapolazimishwa.

Jumapili, 16 Machi

Kikao cha mashemasi. Petree alileta barua yangu, lakini kwa heshima yake hakuisoma mbele yao. Ndugu Merle alisema, kwa ule upole wake, kwamba wasichana wameahidi kurudi, na wazazi wao pia, na kwamba mimi nina mzigo mkubwa bungeni hadi mwezi wa Mei. Je, Ndugu Dwayne na Dada Verna wasingelishika darasa la Jumatano kwa muda?

Darasa langu.

Nilisema kwamba Petree hajui hata kutofautisha mitume na manabii. Petree alisema, "Ndugu Lowell, ni kweli kabisa. Ndiyo maana nataka uketi pale mbele unisahihishe." Alisema hivyo bila dhihaka. Nilimtazama sana machoni nikiitafuta dhihaka, sikuiona. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Walipiga kura. Mkono uliopinga ulikuwa mmoja, na niliuinua juu kiasi cha kutosha kuhesabiwa kuwa miwili. Sikushindwa. Nilipigiwa kura. Hayo ni mambo mawili, na mtu aliyekaa bungeni muda kama wangu hujua tofauti yake.

Nyumbani Verna alinikanda mabega. Alisema, "Si ulitaka lijae?" Nilimwambia nilitaka lijae kwa njia iliyonyooka. Alisema watu hawanyooki, Lowell, ndiyo maana wanahitaji kanisa. Sikuona haja ya kuijibu hoja isiyo na rejea ya Maandiko.

Jumatano, 19 Machi

Nimebaki nyumbani kwa kupinga. Nilivaa suti, ili isidhaniwe ni uvivu.

Kupitia dirisha la jikoni nimeyaona magari yakipita kuelekea kanisani. La kina Crenshaw. Pikapu ya Hoyt, kwa mwendo ambao sikujua inao. Watu ambao sijawaona tangu mazishi ya mwenye duka la mbegu. Verna aliondoka na pai mbili na hakuniuliza tena kama naja. Alinibusu utosini, kama mtu anavyombusu mtoto mwenye homa.

Nilikula mkate na nyama baridi, nimesimama. Kisha nikaandaa muswada mwingine: kwamba mtu yeyote asifundishe Maandiko kwa watoto wa shule pasipo cheti cha chuo cha kanisa. Nikausoma kwa sauti. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sina cheti cha chuo cha kanisa. Nikauweka kando hadi nipate lugha ya kuwasamehe waliotangulia kufundisha.

Verna alirudi akiwa anaimba kwa chini chini. Anasema kulikosekana viti. Watu walisimama ukutani.

Nilimuuliza ukuta upi.

"Wote, Lowell," alisema.

Jumatano, 26 Machi

Nimekuja hadi kanisani. Sikuja kwa ibada. Nimekuja kukagua.

Uwanja wa kuegesha umejaa. Mahali pangu, penye mti wa mwerezi, pameegeshwa baiskeli tisa. Nimeweka gari kwenye nyasi karibu na tangi la gesi na nimebaki ndani. Nimeshusha kioo kidogo tu, kwa sababu za kiusalama.

Wanaimba. Wasichana wanaimba kwa sauti ya juu kupita kiasi, na Petree anaimba nje ya sauti inayotakiwa, lakini kwa jumla nimewahi kusikia mbaya zaidi. Katika ubeti wa tatu kuna sehemu ya besi ambayo kanisani mwetu niliiimba mimi. Hakuna anayeiimba. Niliiimba garini. Kwa ajili ya usahihi.

Kisha Petree alitoka na taulo la vyombo begani na kugonga kioo. Alisema wameniona tangu nilipofika, na kwamba kuna kiti mbele, mkono wa kulia, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia jioni mbili mfululizo. Msichana mmoja mdogo amekilinda hata dhidi ya Hoyt. Alisema chakula kinapoa. Alisema, "Njoo bwana, Ndugu Lowell. Leo nimewaambia mtume fulani alikuwa nabii, na Dada Verna amekataa kunitoa aibuni. Anasema hiyo ni kazi yako."

Nilimshukuru. Nilimweleza kwamba sitaingia katika Jumatano isiyo na sheria. Aliegemea mlango wa gari kwa muda, akitazama mwerezi. Alisema kiti kitabaki pale. Alirudi ndani, na kwa muda mlango ulipokuwa wazi nilinusa pilipili na mkate wa mahindi.

Nimepandisha kioo. Nimewasha taa ya ndani. Muswada wa mwakani utakuwa na nguvu kuliko huu, kwa kuwa sasa nimegundua ulipokuwa dhaifu. Nilipambana na michezo. Michezo si adui. Adui ni mtu mzima mwenye afya, aliyelelewa vyema, anayejua kabisa kwamba ibada inaendelea, na ambaye bado hukaa nje kwa ukaidi wake mwenyewe.

Ibara ya nne itambana huyo. Ninaiandika sasa, hapa hapa, na sitaondoka mpaka waimbe wimbo wa mwisho.